Bibi Titi Mohamed: mwimbaji wa ngoma aliyewaingiza wanawake TANU

Ukisafiri kwa basi kutoka Makambako hadi katikati ya Dar es Salaam, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja utakuta barabara pana inayoitwa Bibi Titi Mohamed. Makondakta wa daladala hulitaja jina hilo kutwa nzima. Wasikilizaji wetu wengi wamelisikia, lakini maisha ya mwenye jina yanajulikana kidogo tu: kwamba alikuwa mwanamke, na kwamba alikuwa pamoja na Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru.

Makala haya yanaeleza alikuwa nani. Yanajibu pia swali ambalo akina mama wa Njombe, Wanging'ombe, Ludewa na Makete hulikuta kila wanapoombwa kugombea nafasi kijijini: mwanamke anapotoka nyumbani kwenda kuongoza, nani anabaki na kazi zake, na yeye mwenyewe anakuwa na kitu gani cha kumshikilia?

Msichana wa Dar es Salaam

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Alisoma chuo cha Kurani, kisha akasoma miaka michache katika shule ya msingi ya wasichana. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Wakati ule, binti akivunja ungo aliwekwa ndani, na kilichofuata kilikuwa ndoa. Titi naye aliozwa akiwa na miaka kama 14, kwa mwanamume aliyemzidi sana umri.

Katika ndoa hiyo alipata mtoto mmoja, binti aliyeitwa Halima. Ndoa ikavunjika. Baadaye akaolewa na Boi Selemani, dereva wa teksi mjini.

Hakuwa na cheti wala kazi ya ofisini. Alichokuwa nacho ni sauti. Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bombo. Vikundi vya namna hiyo vilikuwa vingi Dar es Salaam. Wanawake walikutana, wakacheza, wakachangiana harusi na misiba, wakachagua viongozi wao na kushika fedha zao. Mtu wa nje aliona starehe tu. Kumbe humo ndimo wanawake walimojifunza kuitisha mkutano, kutunza hazina na kuzungumza mbele za watu.

Msikilizaji wa huku kwetu akitaka kulielewa jambo hilo, aifikirie kwaya ya akina mama kanisani, au kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana kila wiki. Mwenyekiti wake huwa tayari ni kiongozi, hata kama hajawahi kugombea hata uongozi wa kitongoji.

Wanawake wako wapi?

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, John Hatch, ofisa wa chama cha Labour cha Uingereza, alitembelea Tanganyika. Aliona umati mkubwa ukiwashangilia viongozi, akauliza kama chama kina tawi la wanawake. Lilikuwa swali la aibu, kwa sababu tawi halikuwepo.

Wanaume wengi wa TANU hawakuwa wakiwaleta wake zao mikutanoni. Siasa ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Lakini Schneider Plantan, mmoja wa wanaharakati wa mjini, alikuwa ameshawaletea habari za chama Boi na mkewe. Boi alichukua kadi namba 15, Titi akachukua namba 16. Ilipohitajika mwanamke wa kuongoza tawi jipya, Titi ndiye aliyepatikana.

Hakuanza kwa kuhutubia umati. Alianza kwa kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma mmoja mmoja, pamoja na wenzake kama Tatu binti Mzee. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi chake chote kilimfuata. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi.

Kwa nini wao waliweza pale ambapo wanaume wengi waliogopa? Sababu moja ni ajira. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa serikali au tarishi aliyekutwa na kadi ya TANU alihatarisha mkate wake. Wanawake walio wengi hawakuwa na ajira hiyo. Waliuza vitumbua, maandazi na samaki, na hakukuwa na bosi wa kuwafukuza. Kwa hiyo kile kilichoonekana ni unyonge wao, yaani kutokuwa na kazi ya ofisini, ndicho kilichowapa nafasi ya kusimama hadharani.

Sababu ya pili haisemwi mara nyingi. Wanawake wengi waliokuwa mstari wa mbele Dar es Salaam walikuwa watu wazima, wengine wameachika au ni wajane, na hawakuwa na watoto wachanga. Titi alikuwa na mtoto mmoja tu, naye alikuwa ameshakua. Mwaka 1955 hakuwa na mtoto mgongoni. Angekuwa nao wanne au watano wadogo, safari zile za mikoani zingekuwa ngumu mno, hata kwa sauti na ujasiri aliokuwa nao.

Kazi ya nyumbani yageuka kazi ya siasa

Titi alizunguka nchini na viongozi wa TANU akihutubia mikutano. Alizungumza Kiswahili cha watu, kile cha nyumbani na sokoni, na watu walimwelewa. Lakini hotuba zilikuwa sehemu ndogo ya kazi yote. Wanawake wa TANU walipika chakula cha wageni, wakawalaza viongozi majumbani mwao, wakapeleka ujumbe, wakakusanya michango, wakauza kadi na kuzificha ilipobidi. Kazi zile zile za malezi na mapishi, ambazo kwa kawaida hakuna anayezihesabu, ndizo zilizokilisha na kukilinda chama.

Hata hivyo, wengi wao hawakupata hata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Masharti ya wakoloni yalimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya aina fulani iliyotambuliwa. Mwanamke aliyejaza uwanja wa mkutano kwa kuwaita jirani zake angeweza kabisa kukosa sifa ya kuingia kituoni.

Huku nyanda za juu, miaka hiyo hiyo, wanaume wengi wa Ubena, Ukinga na Upangwa walikuwa wakienda manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Walikaa huko miezi mingi, wengine miaka. Nyumbani alibaki mwanamke. Yeye ndiye aliyelima mahindi, aliyehifadhi mbegu, aliyetunza wakwe na kuamua nini kiuzwe ili mtoto apate nguo. Lakini shauri la ardhi likifika kwa wazee, lilimsubiri mume arudi, au lilisemwa na shemeji. Kazi ya kuendesha kaya ilikuwa yake, neno la mwisho halikuwa lake.

Baada ya Uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa mbunge wa Rufiji, na aliingia serikalini kama waziri mdogo.

Lakini mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Serikali ilihitaji watu wa kusoma na kuandika mafaili, na Kiingereza ndicho kilichotumika maofisini. Wanawake waliozunguka nchi nzima kwa miguu na malori hawakuwa na elimu hiyo, kwa sababu utotoni walitolewa shule waolewe. Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa uchaguzi Rufiji.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Miongoni mwa masharti yake, kiongozi hakuruhusiwa kumiliki nyumba ya kupangisha. Lengo lilikuwa kuzuia viongozi kujitajirisha na kuwanyonya wananchi. Bibi Titi alikuwa na nyumba anazopangisha. Badala ya kuziachia, alijiuzulu Kamati Kuu ya TANU.

Jambo hili linaweza kutazamwa pande mbili. Kwa chama, nyumba ya kupangisha ilikuwa dalili ya unyonyaji. Kwa mwanamke ambaye elimu yake ilikatizwa na ndoa, na ambaye alishaonja talaka, kodi ya nyumba ilikuwa ndiyo akiba ya uzeeni. Mwanamume mwenye cheti angeweza kuacha nyumba na kubaki na mshahara. Sharti lilikuwa moja kwa wote, lakini halikumgusa kila mtu kwa uzito mmoja.

Kesi, kifungo na upweke

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Alishtakiwa pamoja na aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, na maofisa kadhaa wa jeshi, kwa kosa la uhaini, yaani kula njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyekuwa ameshakimbilia Uingereza, ndiye aliyetajwa kuwa kinara wa njama hiyo. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini nchini. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais.

Alipotoka hakuwa na cheo tena. Mume wake alikuwa amempa talaka wakati wa matatizo hayo, na marafiki wengi wa siasa walijitenga naye. Mwanamke ambaye jina lake lilijaza viwanja aliishi kimya kwa miaka mingi.

Ilipofika mwaka 1991, Tanzania Bara ikiadhimisha miaka 30 ya uhuru, alianza kutajwa tena hadharani kama shujaa wa ukombozi. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Barabara ile ya Dar es Salaam inabeba jina lake hadi leo.

Yanayotuhusu sisi

Tangu wakati wa Bibi Titi mengi yamebadilika. Mkoa wetu wa Njombe umemtoa Anne Makinda, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kusini na mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2010 hadi 2015. Tangu Machi 2021 nchi inaongozwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan.

Sheria nazo zimesogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Inataka pia baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na angalau watatu wawe wanawake. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea vinahesabiwa.

Kinachobaki ni mzigo wa kila siku. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe walikuwa wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Nyuma ya namba hiyo kuna wagonjwa waliouguzwa nyumbani na watoto waliobaki na bibi zao. Mwanamke wa miaka 50 au 60, umri ambao malezi yalipaswa kuwa yamekwisha, huku kwetu mara nyingi anaanza kulea upya.

Kwa hiyo kijiji kikimtaka mama fulani aingie halmashauri, kumpigia makofi hakutoshi. Mkutano ukiitishwa saa ya kuchota maji na kupika, yeye hatafika, au atafika na kuondoka kabla ya maamuzi. Mume akikubali kubaki na watoto siku ya kikao, hapo ameshiriki katika uongozi huo. Kikundi kikikubaliana kulimiana mashamba kwa zamu ili mwenzao apate siku ya kampeni, kimefanya walichofanya wana Bombo.

Na jambo la mwisho ni lile lililomgharimu Bibi Titi kuliko yote, yaani mali. Cheo huja na kuondoka, na ndoa zake zilivunjika. Mama anayelima viazi au parachichi kwenye shamba lisilo na jina lake, hata kwa hati ya pamoja na mumewe, anaongoza akiwa na hofu ya kufukuzwa. Ofisi ya kijiji ndiyo mahali pa kuanzia: uliza hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lenu imeandikwa majina ya nani.