Bibi Salme wa Mtoni

Binti huyu wa Sayyid Said bin Sultan alizaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi. Neema ya nyumba hiyo ilikuwa jasho la watumwa mikarafuuni, jambo ambalo Bibi Salme hakulijutia. Wasichana wa jumbani walifundishwa kuisoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza: mwaka 1859, akiwa na miaka 15, aliandika barua za uasi wa kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid. Waingereza wakasaidia kuuzima.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza; mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa Aden. Ruete alifariki mwaka 1870, akamwachia watoto 3 wachanga huko Hamburg.

Mwaka 1885 Bismarck alimrejesha Unguja pamoja na manowari, eti adai urithi wake. Urithi ulikuwa chambo tu. Kilichovuliwa ni bara, Upare ikiwemo. Barghash aliposalimu amri, Wajerumani wakaacha kumtetea dada yake. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.