DAKTARI BURKITT NA UVIMBE WA TAYA

Tukiambiwa tuandike juu ya mashujaa, wengi wetu hukimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua daktari mpasuaji wa jicho moja, kwa sababu alichogundua kinawahusu watoto wa huku kwetu ziwani.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, nchini Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuchunguza ndege na kuchora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi. Denis alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe akapoteza jicho. Alianza kusomea uhandisi Dublin, akabadili nia, akasomea udaktari. Mwaka 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuja Uganda akafanya kazi Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Siku moja mwaka 1957, daktari mwenzake aliyeitwa Hugh Trowell alimwita amtazame mvulana aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Baada ya wiki chache, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Basi hapo akaanza kujiuliza. Mmoja huenda ni ajabu tu, lakini wawili? Akafungua madaftari ya hospitali, kumbe walikuwa wengi! Mwaka 1958 akaandika makala ya kwanza juu ya ugonjwa huo. Ilikuwa kansa, na leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapompendea mzee huyu. Wengine wangeuliza tu ugonjwa huu ni nini. Yeye aliuliza uko wapi. Alituma picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na majibu yalipokuja akayatia kwenye ramani. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri mpaka Afrika Kusini na kurudi. Walikwenda kama kilomita 16,000 kwa wiki 10, wakapitia hospitali karibu 60.

Waligundua nini? Kwamba ugonjwa unapenda mahali penye joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, hauonekani sana. Sasa hebu tujitazame sisi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, lakini ukipanda Nandi au Kericho unapita mita 1,500. Kwa hiyo sisi tumo ndani ya ramani yake, na jirani zetu wa milimani wako nje. Ramani hiyo hiyo ni ya mbu na malaria.

Burkitt alipotoa mhadhara London mwaka 1961, alikuwepo mtafiti aitwaye Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuleta kansa kwa binadamu. Peke yake hakitoshi, maana watu karibu wote tunacho. Lakini mtoto akikipata mapema na kuugua malaria mara kwa mara, hatari huongezeka. Watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi waliona kwamba wa Kisumu hukipata wakiwa wadogo zaidi.

Jambo jingine: ingawa alikuwa mpasuaji, Burkitt aliona kisu hakisaidii, akajaribu dawa. Uvimbe wa baadhi ya watoto ukayeyuka kwa siku chache, na wengine wakapona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Uingereza mwaka 1993.

Kwa nini ninawachosha na habari hizi? Kwa sababu ugonjwa bado upo Nyanza, Magharibi na Pwani. Uvimbe huu hukua mbio ajabu, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo wako wanaosema ni jino tu, wengine eti ni chira, mtoto akazungushwa kwa waganga hadi wiki zinapita. Dawa ipo, ila haimngoji mtu. Ukimwona mdogo wako taya limevimba au meno yanalegea bila sababu, waambie wazazi wampeleke hospitali kesho asubuhi, si mwezi ujao.

Na darasani tusiogope kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na swali fupi la wapi limewaokoa watoto wengi. Walale chini ya neti, nanyi mlale chini ya neti.