Mary Pickford: Binti wa Toronto aliyegeuza mikataba ya filamu Marekani

Tarehe 24 Juni mwaka 1916, mwigizaji mwenye umri wa miaka 24 alitia saini mkataba ambao hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuupata katika tasnia ya filamu ya Marekani. Mary Pickford alihakikishiwa dola 10,000 kwa wiki kwa muda wa miaka miwili, au nusu ya faida ya filamu zake iwapo nusu hiyo ingekuwa kubwa zaidi. Malipo hayo ya uhakika pekee yalizidi dola milioni 1.

Pickford hakuwa Mmarekani kwa kuzaliwa. Alizaliwa Toronto, nchini Canada, tarehe 8 Aprili mwaka 1892, akapewa jina la Gladys Louise Smith. Baba yake alifariki mwaka 1898, akamwacha mkewe, Charlotte, na watoto watatu wadogo. Mjane huyo alishona nguo na kupangisha vyumba. Ni kupitia mpangaji mmoja aliyefanya kazi ya tamthilia ndipo Gladys alipopandishwa jukwaani kwa mara ya kwanza, naye hajatimiza miaka minane. Tangu hapo ujira wake ukawa tegemeo la familia nzima, na miaka mingi ikapita wakisafiri kwa garimoshi kutoka mji hadi mji wakiigiza kwa malipo madogo. Mwaka 1907 mtayarishaji David Belasco alimpa nafasi katika tamthilia jijini New York, pamoja na jina jipya, Mary Pickford.

Mwaka 1909 alibisha hodi katika kampuni ya filamu ya Biograph. Waigizaji wengi hapo walilipwa dola 5 kwa siku. Pickford, aliyekuwa na miaka 17, alidai dola 10, na mwongozaji D. W. Griffith akakubali. Wakati huo Biograph haikutangaza majina ya waigizaji wake, na watazamaji walimtambua Pickford kwa nywele zake za dhahabu tu. Wenye kampuni walijua kuwa mwigizaji anayejulikana kwa jina angedai malipo makubwa zaidi.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1913 Pickford alijiunga na kampuni ya Adolph Zukor kwa dola 500 kwa wiki, na kufikia mwaka 1915 malipo yakawa dola 2,000 pamoja na nusu ya faida. Aliyekaa naye katika meza ya mazungumzo ni mama yake. Charlotte hakuwa mwanasheria, lakini aliijua njaa, na alitambua kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Alifuatilia hesabu za mapato kwa makini, nao wakubwa wa studio wakajifunza kumheshimu.

Hata hivyo, uzito wa mkataba wa mwaka 1916 haukuwa katika fedha peke yake. Awali, wenye majumba ya sinema waliotaka filamu za Pickford walilazimishwa kununua pia filamu hafifu za kampuni hiyo hiyo, zikiwa fungu moja. Hivyo jina lake liliuza kazi za wengine, na yeye hakupata chochote kwa mauzo hayo. Chini ya mkataba mpya, filamu zake ziliuzwa peke yake kupitia tawi maalumu lililoitwa Artcraft. Aidha, alipata kampuni yake ya utayarishaji na kauli katika uteuzi wa hadithi, waongozaji na waigizaji wenzake.

Mapema mwaka 1919 zilienea habari kwamba kampuni kubwa za filamu zilikusudia kuungana. Kama zingeungana, mwigizaji asingekuwa na pa kwenda iwapo masharti ya mwajiri yangemshinda. Pickford, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na Griffith walijibu kwa kuanzisha United Artists tarehe 5 Februari mwaka huo. Kampuni hiyo haikumiliki studio wala haikuajiri waigizaji kwa mikataba ya muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kusambaza filamu ambazo waanzilishi waligharamia na kumiliki wenyewe.

Uhuru huo ulikuwa na gharama zake. Mmiliki anayetumia fedha zake hubeba hasara mwenyewe, na United Artists mara nyingi ilikosa filamu za kutosha kusambaza. Pickford naye alibanwa na umaarufu wake, kwa kuwa watazamaji waliendelea kumtaka katika nafasi za watoto hata alipopita miaka 30. Alikata nywele zake mwaka 1928, baada ya kifo cha mama yake, kisha akatunukiwa Oscar kwa filamu ya Coquette, ya kwanza aliyozungumza ndani yake. Filamu yake ya mwisho kama mwigizaji ilitoka mwaka 1933.

Aliacha kuigiza, lakini hakuachia hisa zake. Alizishika hadi mwaka 1956, alipoziuza kwa dola milioni 3, miaka 37 baada ya kuanzisha kampuni.

Pickford alifariki dunia tarehe 29 Mei mwaka 1979 huko Santa Monica, jimbo la California, akiwa na umri wa miaka 87. Kabla ya kufariki aliomba kutambuliwa tena kuwa raia wa Canada, na ombi lake likakubaliwa. Mambo aliyoyapigania, yaani sehemu ya faida, kauli juu ya kazi na umiliki wa filamu, yangali yakijadiliwa hadi leo kila mwigizaji mashuhuri anapoketi kuandaa mkataba.