Louis Lumière: Aliyeipa dunia sinema, kisha akaiacha

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

YEYOTE aliyewahi kulipa kiingilio katika banda la video hapa mpakani, akabanana na wenzake gizani kutazama filamu, ana deni kwa Mfaransa huyu.

Louis Lumière alizaliwa Besançon Oktoba 5, 1864. Baba yake, Antoine, alikuwa mpiga picha, na familia ilihamia Lyon mwaka 1870. Akiwa na miaka 17 tu, Louis alitengeneza bamba la kioo la kupigia picha lililouzika mno, na kiwanda cha familia kikatajirika.

Mwaka 1894 Antoine aliona Paris mashine ya Mmarekani Thomas Edison, iliyoonyesha picha zinazotembea kwa mtu mmoja mmoja, akichungulia tunduni. Louis na kaka yake, Auguste, wakatafuta njia ya kuzitupa ukutani. Jibu lilitoka kwenye cherehani: kama kitambaa kinavyovutwa kisha kikatulia sindano ishuke, ndivyo utepe wa picha ulivyovutwa na kutulia mbele ya mwanga, takribani mara 16 kwa sekunde. Mashine hiyo hiyo ilipiga picha, ikazichapa na kuzionyesha.

Desemba 28, 1895, katika Grand Café jijini Paris, watu 33 walilipa faranga moja kila mmoja kutazama filamu kumi fupi. Kusema kweli, ndugu wawili wa Berlin walikuwa wametangulia kwa majuma machache, lakini chombo chao kilikuwa kizito na hakikuenea.

La kushangaza ni kwamba akina Lumière waliiona sinema kuwa kitu cha kupita. Kufikia mwaka 1905 walikwishaacha kutengeneza filamu, na wengine wakavuna utajiri wake.

Moyo wa Louis ulikuwa kwenye rangi. Mwaka 1907 aliingiza sokoni bamba lililotumia wanga wa viazi mviringo, zao linalofahamika vema Nyanda za Juu Kusini. Chembechembe zake, mamilioni kwa mamilioni, zilitiwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau, zikatandazwa kwenye kioo, na mianya ikazibwa kwa unga wa mkaa. Picha ilitazamwa kwa kuielekeza kwenye mwanga. Hadi miaka ya 1930, hakukuwa na njia ya picha za rangi iliyotumika zaidi.

Louis alifariki dunia Bandol, Juni 6, 1948. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliunga mkono serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Ndiyo maana, katika miaka ya 1990, Benki Kuu ya Ufaransa iliachana na mpango wa kuweka sura za ndugu hao kwenye noti ya faranga 200, ikaweka ya Gustave Eiffel.