Ivan Pavlov na Mbwa Wake

Jioni, moshi upandapo juu ya nyumba za Iringa, mbwa aliyelala uani huinua kichwa mara asikiapo mwiko ukigonga chungu. Chakula hajakiona, wala harufu haijamfikia, lakini mate yanamtoka. Jambo hili watu hulitazama kila siku, toka Iringa hata Mbeya, wala wengi hawaoni ndani yake neno la kuuliza. Mtu mmoja wa Urusi aliuliza, akaendelea kuuliza kwa zaidi ya miaka 30. Jina lake Ivan Petrovich Pavlov.

Alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Ryazan. Baba yake alikuwa padre, naye hakuwa na mali nyingi. Ivan alipokuwa mdogo alianguka kutoka mahali pa juu, akaumia sana, hata hakuanza shule ila alipopata miaka 11. Kisha alitiwa katika chuo cha kanisa, apate kuwa padre kama baba yake. Lakini alisoma vitabu vya elimu ya viumbe, na moyo wake ukageukia huko. Mwaka 1870 aliondoka, akaenda Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Miaka mingi ya ufukara ilimpata yeye na mkewe Serafima, walakini hakuacha kazi.

Kwanza alichunguza jinsi chakula kinavyosagika tumboni. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, wala kabla yake hapakuwa na Mrusi aliyeipata. Haifai kuficha kwamba mbwa wengi walipasuliwa katika uchunguzi huo. Pavlov mwenyewe alijua deni lake kwao.

Basi katika kupima mate ya mbwa, alipata udhia. Mbwa walitokwa na mate kabla ya kupewa chakula, waliposikia tu nyayo za mtu aliyezoea kuwalisha. Hesabu zikaharibika. Mtu mwingine angalimfukuza yule mtumishi mwenye kishindo. Pavlov aliona kwamba udhia huo una maana kuliko hesabu zenyewe. Akatwaa chombo kigongacho mapigo sawasawa, akakigonga, kisha akampa mbwa chakula. Akafanya hivyo mara nyingi. Hata siku moja alikigonga bila chakula, na mate yakatoka vilevile. Tena akaona kwamba chombo kikigongwa mara nyingi pasipo chakula, mate hupungua hata yakakoma. (Watu hupenda kusimulia habari ya kengele tu, lakini alitumia sauti za namna nyingi, na taa, hata kugusa ngozi.)

Kwa njia hiyo mtu hufahamu matendo ya mbwa yanayoudhi. Mbwa aliyepigwa kwa fimbo humbwekea hata mzee apitaye na mkongojo wake, asiye na kosa lo lote. Mwenye mbwa hukasirika, akampiga tena kwa fimbo ileile. Basi hofu huzidi, na kubweka huzidi. Lakini mbwa huyo akioneshwa fimbo kwa mbali, asipigwe, bali apewe chakula, na fimbo ikisogezwa karibu kidogo kidogo siku baada ya siku, hofu yake huweza kutulia.

Mwaka 1914 katika nyumba ya kazi ya Pavlov lilitokea jambo lingine. Mbwa mmoja mpole alifundishwa kwamba akioneshwa duara atapata chakula, bali akioneshwa duara lililobanwa kama yai, hapati kitu. Akajua vizuri. Kisha lile la yai likafanywa nene zaidi na zaidi, hata likakaribia sana kuwa duara. Kwa muda wa majuma matatu mbwa alijaribu, na kila siku alizidi kukosea. Mwisho alianza kulia na kujinyonganyonga, akatafuna vyombo kwa meno, akabweka kwa ukali alipopelekwa chumbani. Hata mambo mepesi aliyoyajua zamani yakampotea. Hakuna aliyempiga. Alikuwa ametakiwa kujua lisilojulikana. Ikabidi kurudi nyuma, kwenye lile umbo jepesi la kwanza, na kumfundisha upya polepole, ndipo akatulia.

Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika, maji yakaingia katika vibanda vya mbwa. Mbwa waliogelea vichwa vikigusa dari, na watu waliwatoa kwa kuwavuta chini ya maji, kwa maana milango ilikuwa imefunikwa. Waliokoka, lakini baadhi yao walisahau yote waliyofundishwa. Mmoja alipona kidogo kidogo, mtu aliyemzoea alipokaa naye chumbani. Hata baada ya kupona, maji machache yalipoingizwa chini ya mlango, hofu ilimrudia mara hiyo. Tukuyu, mahali pa mvua nyingi, kuna mbwa ambao radi ikipiga hukwaruza mlango na kutaka kumng'ata hata mwenyeji wao, na watu huwaita wakaidi. Pavlov angalitaka kwanza kujua ni jambo gani liliwapata siku ya mvua nyingine.

Alifanya kazi hata uzeeni. Mwaka 1935 palisimamishwa sanamu ya mbwa katika bustani ya chuo alichofanyia kazi, kwa shauri lake, kuwa heshima kwa wanyama waliomtumikia. Pavlov alikufa mjini Leningrad tarehe 27 Februari 1936, naye alikuwa na miaka 86. Mji ule umerudia jina lake la zamani, St. Petersburg, na mbwa wa sanamu angali ameketi bustanini.