Benvenuto Cellini: sonara aliyechoma nta siku mbili usiku na mchana

Leo tumcheki mzee mmoja wa Italia, Benvenuto Cellini. Kama umevaa pete ya kumimina, ujue kazi ya namna hiyo jamaa aliijua hasa.

Alizaliwa Florence mwaka 1500. Baba yake alikuwa mwanamuziki, akataka kijana apige filimbi. Kijana hakutaka, akiwa na miaka 15 akaingia kwa masonara. Baadaye akafanya kazi kwa mapapa kule Roma na kwa mfalme wa Ufaransa, François wa Kwanza. Lakini hakuwa malaika. Mwaka 1534 aliua sonara mwenzake, na mwaka 1538 alitiwa ndani kwa tuhuma za kuiba vito vya Papa.

Mwaka 1545 mtawala wa Florence, Cosimo de' Medici, akampa kazi ya sanamu ya Perseus ameshika kichwa cha Medusa. Sanamu kubwa, ya shaba nyeusi! Wengi wakaona sonara hataweza, hata Cosimo akatia shaka.

Njia yenyewe ni ileile ya pete ya dhahabu. Unachonga umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, halafu unachoma nta itoke yote, ibaki nafasi tupu ya kumimina madini. Nta ikibaki, madini ya moto yakiikuta inageuka gesi, na kitu kinatoka na matundu au hakijai. Tena nta ikishayeyuka umbo lako ndo limekwenda. Ukikosea kumimina, unaanza upya.

Cellini alijua hilo. Kwanza akaitoa nta kwa moto mdogo mdogo, halafu akajenga tanuri la matofali kuzunguka kalibu, akachochea kuni siku mbili, usiku na mchana, mpaka nta ikaisha na udongo ukaiva.

Usiku wa kumimina, mwaka 1549, ilikuwa balaa. Paa likashika moto, mvua ikapiga, yeye homa ikamlaza. Mara akaambiwa shaba imeganda tanurini. Akaruka kitandani, akaongeza kuni kavu za mwaloni, akatupia sahani na vyombo vyake vya bati kama 200 ili shaba iwe laini. Ikatiririka, ikajaza kalibu. Walipofukua, vilipungua vidole na sehemu kidogo ya mguu mmoja tu.

Kweli, mengi ya haya aliyaandika mwenyewe, na kujisifu alijua. Lakini sanamu ipo Florence tangu 1554, kila mtu anaiona. Na kama kalibu lisingesafishwa vizuri kabla ya usiku ule, hata sahani 1,000 zisingemsaidia.

Alifariki 1571. Masonara wa leo wanatumia plasta na tanuri la umeme, moto unapandishwa polepole mpaka nyuzi 700 na kitu, lakini haraka bado inaharibu kazi.

Mlioko kwenye fani, nyie mnachoma nta saa ngapi? Mwageni maoni hapo chini.