Mathias Mulumba, mtu aliyetafuta njia ya kweli



Zamani kule Roma, Justin, mtu wa falsafa, alipita kwa walimu wengi kabla ya kumpata Kristo, na kwa ajili yake aliuawa karibu mwaka 165. Hapa kwa jirani zetu Uganda alikuwako mtu wa namna hiyo: Mathias Kalemba, aliyeitwa Mulumba kwa jina la kazi yake ya utawala.

Alitekwa angali mtoto pamoja na mama yake kule Busoga, akalelewa Buganda na mzee Magatto kama mwana wake. Mzee huyo, alipokaribia kufa, alimwambia kwamba siku moja watakuja watu wa kufundisha njia ya kweli. Kalemba alilishika neno hilo. Kwanza alidhani ni dini ya Waarabu, akaifuata. Kisha akawasikiliza Waprotestanti. Mwaka 1880 akaenda kwa Mapadri Weupe, na tarehe 28 Mei 1882 akabatizwa.

Sisi hapa Goma tunawaona wengi wanaohama kanisa moja hata lingine. Tusiwacheke, maana Mulumba naye alihama. Lakini tuangalie alitafuta nini. Hakufuata chakula wala cheo. Alikuwa mkubwa mwenye wake wengi. Akabaki na mke mmoja tu.

Mwishoni mwa 1882 mapadri waliondoka Buganda, wakarudi 1885. Kundi halikutawanyika. Kule Mityana, Mulumba pamoja na Luka Banabakintu na Noa Mawaggali waliwakusanya waamini, wakafundisha na kusali wenyewe, Waafrika kwa Waafrika.

Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliamuru wakristo wauawe. Mwezi wa Mei Mulumba alikamatwa. Pale Kampala walimkata mikono na miguu, wakamwacha afe polepole. Alikufa tarehe 30 Mei. Mwaka 1964 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wenzake 21.

Wapendwa, mtu huyu alihama alipokuwa akitafuta. Alipokwisha kupata, hata kisu hakikumhamisha. Basi kila mmoja wetu anayetaka kuhama ajiulize mbele za Mungu: ninaufuata ukweli, ama ninaukimbia msalaba?

Bwana atutie nguvu. Amina.